Tundu la Nne

Bonifasi Likwelile alifika kwenye gesti ya marehemu Hatibu saa mbili na nusu asubuhi, akaegesha pikipiki kando ya ukuta, kisha akabaki amekaa juu yake kama dakika mbili nzima bila kushuka. Hakuwa akiwaza kitu. Mwili ndio uliokuwa umegoma. Miaka hamsini na sita si mingi kwa mtu aliyekaa ofisini, lakini yeye mingi kati ya hiyo aliitumia juu ya nguzo za simu za waya, na iliyobaki juu ya ngazi, akitoboa kuta na kuvuta nyaya za mtandao kwenye maduka, shule na nyumba za watu mjini Morogoro. Goti la kulia lilikuwa limechoka kabla yake. Tena tangu mkewe Angelina afariki, mwaka juzi, usingizi wake ulikuwa wa kuokoteza, saa moja hapa, nusu saa pale, halafu macho makavu hadi adhana ya alfajiri isikike kutoka msikiti wa jirani.

Milima bado ilikuwa imejifunika ukungu hadi kiunoni. Huku chini Mwembesongo ilikwishaamka zamani, wauza vitumbua wamemaliza, wenye maduka wanafagia vibaraza. Bonifasi akashusha begi la vifaa, akaingia.

Yusuph, mdogo wake marehemu, alikuwa mapokezi, nyuma ya meza yenye kompyuta na printa. Ndiye aliyekuwa akiiendesha gesti tangu kaka yake alipoanguka bafuni na kufia njiani kwenda hospitali, wiki saba zilizopita. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye simu mbili, na alipoongea macho yake hayakutulia mahali.

"Karibu, mzee wangu. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Niambie tatizo."

Yusuph akaeleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia aibu ya ukoo. Gesti na nyumba ya familia zilikuwa kiwanja kimoja, zimetenganishwa na ua wa ndani. Marehemu alikuwa mpenzi wa mitambo. Alifunga waifai mwenyewe, moja kwa wote, na pasiwedi akaibandika ukutani kila chumba. Mambo yakaenda miaka mitatu bila neno. Kisha ikafika hitima ya arobaini. Wanawake kama hamsini walikuwa wamejaa sebuleni mwa mjane, wanasoma Yasini, sauti zimepanda pamoja. Huku gesti, chumba namba tano, kulikuwa na mgeni anayeuza mbegu za mahindi. Akataka kuangalia muziki kwenye TV ya chumba chake, akabonyeza kwenye simu, na simu ikampa orodha ya TV mbili zenye jina linalofanana. Akachagua ya juu.

"Ikawaka ya sebuleni," Yusuph alisema. "Sauti hadi mwisho. Wasichana wanacheza, na nguo zenyewe unazijua. Katikati ya Yasini, mzee. Mwaisha, binti yake kaka, ndiye aliyekimbia kuchomoa waya. Na yule bwana hadi leo hajui alichofanya, aliamka asubuhi akaniaga vizuri kabisa."

Bonifasi hakucheka. Alikuwa ameshaona mengi ya namna hiyo. "Hapo kubadilisha pasiwedi hakusaidii," alisema. "Wageni wataipata mpya, na mambo yatakuwa yale yale. Inabidi wageni wawe na mtandao wao, nyumba na wake. Isionane kabisa."

"Fanya unavyojua. Ila wageni wasikose intaneti. Wakikosa intaneti wanahamia Kihonda."

Ndipo Bonifasi alipoomba kuona mitambo ilipo, na Yusuph akajikuna shingo.

"Hapo kuna kajambo. Iko chumbani kwa marehemu. Juu ya kabati."

"Na chumba?"

"Shemeji yuko ndani. Eda."

Bonifasi alikuwa Mkatoliki kutoka Mahenge, lakini miaka thelathini Morogoro ilikuwa imemfundisha asihitaji kuelezwa zaidi. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, haingii alipo. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi atafanya kazi akiwa korido ya gesti, huko kulikuwa na tundu la waya ukutani linalokwenda moja kwa moja hadi chumbani. Kama kuna cha kushikwa kwa mkono, binti ashike.

Yusuph akampa chumba namba tatu, kilichokuwa wazi. Bonifasi akakaa kitandani, akafungua laptopu, akaingia kwenye waifai kwa pasiwedi ile ya ukutani kama mgeni yeyote, kisha akauomba mtandao umtajie vyombo vyote vilivyomo. Hivyo ndivyo anavyoanza siku zote: kwanza ajue mgeni anaona nini. Orodha ikaja, vyombo thelathini na kimoja. Simu, simu, simu. TV mbili. Printa ya mapokezi. Na kamera moja.

Hakuwa ameambiwa habari ya kamera. Akaibonyeza. Ikamwomba jina na pasiwedi, akaandika zile zinazotoka nazo kiwandani, ambazo kila fundi anazijua na kila mtu anaweza kuzisoma kwenye boksi. Picha ikafunguka.

Ilikuwa ua wa ndani, ukionekana kutoka juu, pembeni mwa paa. Mwanamke amekaa kwenye kibao, amempa kamera mgongo, kichwa wazi, nywele zimesukwa mistari minne mikubwa, zina mvi. Mbele yake kuna ungo wa mdalasini. Alikuwa akichambua magome, marefu huku, yaliyovunjika kule, bila haraka, kama mtu mwenye siku nyingi za kumaliza.

Bonifasi akafunga picha. Mkono wake ulibaki juu ya laptopu. Moyo ulikuwa ukimpiga kana kwamba ni yeye aliyekamatwa dirishani mwa mtu, na akihesabu vizuri, hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Akaenda mapokezi.

"Kamera ya uani aliifunga nani?"

"Kaka. Tulipoibiwa mtungi wa gesi. Kwani?"

"Mgeni yeyote mwenye pasiwedi ya ukutani anaweza kuifungua. Mimi nimeifungua sasa hivi, sikutumia hata dakika moja."

Simu zote mbili za Yusuph zikatua mezani. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile macho yake yalitulia.

"Usimwambie shemeji," alisema mwishowe. "Mzee wangu, nakuomba. Yule mama ana yake ya kutosha. Wewe rekebisha, ifungike, yaishe."

Lingekuwa jambo la kubishania. Miaka kumi nyuma Bonifasi angebishana. Lakini alijisikia mzito kama gunia lililonyeshewa, na kazi yenyewe hata hajaianza, akasema sawa, akarudi korido.

Mwaisha, binti wa pekee wa marehemu, alikuja kumsalimu. Alikuwa amevaa sare ya unesi, tayari kwenda kazini kwenye zahanati ya Kihonda, zamu ya saa nne.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Tumeshapoa. Mjomba Amosi wa dukani kasema wewe ndiye mzuri kwa mambo haya." Akaangalia laptopu. "Utavuta waya mwingine mpaka huku?"

"Hapana. Waya ni huu huu mmoja. Marehemu baba yako alinunua swichi nzuri, kile kiboksi kinachogawa nyaya za mtandao, sema hakuwahi kuifundisha kazi." Akachukua kalamu, akamchorea nyuma ya karatasi ya risiti, maana aliona binti anataka kuelewa kweli. Kila mzigo unaopita ndani ya waya utabandikwa namba. Namba kumi ni ya nyumba: TV ya sebuleni, kamera, kompyuta ya mapokezi. Namba ishirini ni ya wageni. Waya ni mmoja, antena ya korido ni moja, lakini itatangaza majina mawili ya waifai. Swichi ikiona ishirini haiupeleki mzigo huo kwenye tundu la nyumba, hata mgeni abonyeze nini. "Sisi tunaita VLAN. Ni ukuta, ila haujengwi kwa tofali."

"Kwa hiyo mgeni atapata intaneti, lakini nyumba hataiona."

"Hata kujua kama ipo hatajua."

Mwaisha akaingia chumbani kwa mama yake, akamsomea Bonifasi kwa simu kila waya umechomekwa tundu gani, akaandika, akaaga. Zamu hazisubiri.

Kazi kama ile Bonifasi alikuwa ameifanya mara nyingi kiasi kwamba mikono yake iliijua kuliko kichwa. Hapo ndipo kosa lilipomkuta. Akaingia kwenye rauta inayoleta intaneti, akatengeneza mitandao miwili. Akaingia kwenye swichi, akaunda kumi, akaunda ishirini. Akaanza kugawa matundu. Tundu la sita ndilo lililokuwa na waya wa korido, yaani ndilo lililombeba yeye mwenyewe, na fundi mwenye akili zake hulibadilisha hilo mwisho kabisa, baada ya kujiachia njia ya kurudia. Yeye, kwa macho yaliyokuwa yakijifunga yenyewe, akalibadilisha la kwanza. Akabonyeza kuhifadhi.

Skrini ikaganda.

Akangoja. Akajaribu tena. Akaelewa alichofanya, na akaegemeza kichwa ukutani. Ilikuwa kama mtu aliyekaa juu ya tawi akalikata upande wa shinani. Na si yeye peke yake aliyeanguka. Antena ya korido ilipita tundu lile lile, na kompyuta ya mapokezi pia. Milango ya vyumba ikaanza kufunguka. Dada mmoja aliyekuwa kwenye kikao cha kazi kwa video akatoka na simu mkononi akiuliza kulikoni. Yusuph akaja mbio.

"Mzee, imekata yote."

"Najua. Nimejifungia nje."

"Umejifungiaje nje? Wewe si fundi?"

Bonifasi akafunga laptopu. "Swichi inatakiwa irudishwe upya," alisema. "Kuna kitundu kidogo cha kubonyeza kwa kitu chenye ncha. Mtu aingie chumbani."

Mwaisha alikuwa ameshapanda basi, simu yake inaita bila kupokelewa. Mfanyakazi wa usafi, mama mmoja aliyeitwa Anastasia, alikuwa amekwenda sokoni kununua sabuni. Yusuph mwenyewe alikuwa shemeji tu, naye hakuwa maharimu. Wanaume wawili wakasimama kwenye ua kama watoto waliovunja chungu, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Mwishowe Yusuph akasogea hadi mlango wa nyumba, akapiga hodi, akaongea na mtu aliye ndani, akarudi.

"Anasema usogee. Ukae nje ya mlango wa chumba, pazia litakuwa limeshushwa. Yeye ndiye atakayebonyeza. Uelekeze tu."

Walimwekea kiti kwenye korido ndogo ya ndani. Mbele yake palikuwa na pazia zito la rangi ya kahawia, na harufu ya mdalasini na udi ilipenya kutoka ng'ambo. Yusuph alisimama kidogo, kisha wageni wakamwita mapokezi, akaenda, akaacha mlango wa nje wazi ili ionekane kila kitu ni halali.

"Habari za asubuhi, Mama Mwaisha," Bonifasi alisema. "Pole sana na msiba. Na samahani kwa usumbufu. Kosa ni langu."

"Ahsante, fundi." Ilikuwa sauti nene kidogo, tulivu, yenye lafudhi ya watu wa milimani, na alijua huyu ni wa Kinole au huko huko karibu. "Sema nifanye nini. Mimi sijawahi kuvigusa vitu hivi. Mwenyewe alikuwa hataki."

"Alikuwa hataki kwa nini?"

"Alisema nitakata. Na wewe umekata."

Bonifasi akajikuta anatabasamu peke yake, akiangalia pazia. "Ni kweli, mama. Nimekata."

Akamwelekeza. Kiti kikaburutwa ndani, akasikia Bi Zuhura, maana hilo ndilo lilikuwa jina lake, akipanda taratibu na kusema bismillahi. Akamwambia atafute kiboksi cheusi chenye nyaya nyingi mbele, na pembeni mwa nyaya kuna kitundu kidogo kama cha hereni sikioni.

"Nimekiona. Sasa nakitoboa kwa nini? Kalamu haiingii."

"Chochote chembamba. Pini."

"Pini ya mtandio ninayo. Nabonyeza."

"Usiachie. Hesabu mpaka kumi na tano. Taa zote zitazima halafu zitawaka pamoja."

Alihesabu kwa sauti, bila haraka, na alipofika kumi na mbili akasema, "Zimezima." Halafu, "Zimewaka zote." Katika sauti yake palikuwa na kitu kidogo kilichoinuka, kisha kikajikalisha tena.

Kutoka mapokezi Yusuph akapaza sauti kwamba intaneti imerudi. Imerudi kama ilivyokuwa mwanzo, wote mtandao mmoja. Kazi ilikuwa ianze upya. Bonifasi akamwomba Bi Zuhura achukue waya mrefu kwenye begi, ambalo alilisukuma kwa mguu chini ya pazia, achomeke upande mmoja tundu la nane na upande wa pili ampitishie yeye. Akapata waya wake chini ya pazia kama mtu aliyepewa kamba kisimani. Safari hii hakuuamini mkono. Kabla ya kila kubonyeza alisema kwa sauti anachofanya, na Bi Zuhura akamsomea taa.

"La kwanza linaenda kwenye rauta. Libebe kumi na ishirini, zote mbili."

"Linawaka kijani."

"La pili?"

"Lina waya mweupe, unashuka ukutani kwenda sebuleni."

"TV hiyo. Kumi."

"La tatu halina kitu. La nne lina waya mweusi, unapanda darini. Huu unakwenda wapi?"

Bonifasi alikuwa na vidole juu ya herufi. Ilikuwa rahisi kusema *ni wa nyumba, mama, kumi*, na kuendelea. Alikuwa amemuahidi Yusuph. Tena alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda jibu fupi. Lakini mwanamke yule alikuwa amesimama juu ya kiti saa nzima akimsomea taa za kosa lake yeye, na amemwuliza waya uliomo chumbani mwake unakwenda wapi.

"Ni wa kamera ya uani," alisema.

"Ile ya mambo ya mtungi wa gesi? Nilidhani ilikufa. Hatibu mwenyewe alikuwa haiangalii."

"Haijafa. Inafanya kazi." Akaondoa vidole kwenye herufi. "Mama Mwaisha, nina jambo la kukwambia, na si zuri. Kamera hiyo haikuwekewa pasiwedi ya maana. Mtu yeyote aliyelala gesti, akitaka, angeweza kuona ua kwenye simu yake."

Nje, mtu alikuwa akipigapiga zulia ukutani.

"Tangu lini?"

"Tangu ilipofungwa."

"Na kuna aliyeangalia?"

"Sijui. Kamera za aina hii haziweki kumbukumbu. Huenda hakuna hata mmoja. Wengi hawajui hata kama ipo." Angeweza kuishia hapo. "Mimi nimeangalia. Asubuhi, nilipokuwa nakagua. Nilikuona umekaa kwenye kibao, kwa mgongo, unachambua mdalasini. Nikafunga pale pale. Nimeona nikwambie mwenyewe."

Kiti kikalia. Alikuwa ameshuka, au amekaa. Bonifasi hakujua aondoke au abaki, akabaki kwa sababu kusimama kulitaka nguvu asiyokuwa nayo.

"Ua ndio mahali pekee ninapopata hewa," Bi Zuhura alisema mwishowe. Hakuwa analia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. "Wiki saba nimekaa hapo kila asubuhi. Nikisema hapa hanioni mtu isipokuwa Mungu."

"Nisamehe, mama."

"Wewe umefanya nini cha kusamehewa? Umesema. Yusuph anajua?"

Bonifasi akakawia kujibu, na kukawia kwake kukawa jibu.

"Alitaka usiumie," alisema.

"Kila mtu hapa anataka nisiumie. Wananificha mpaka bei ya nyanya." Kiti kikalia tena, amepanda. "Fundi, ulikuwa umefika la nne."

"Ndiyo. Nalitia kumi. Halafu nitabadilisha pasiwedi ya kamera, nitakuandikia wewe peke yako. Hapo hakuna mgeni atakayeiona tena, wala mtu mwingine."

"Nimeuchomoa."

"Hakuna haja sasa, mama. Nikishamaliza itakuwa salama kabisa."

"Nimekuelewa. Nimeuchomoa."

Akaandika kwenye karatasi yake: *la nne, tupu.* Wakaendelea na la tano.

Saa sita kasoro majina mawili ya waifai yalikuwa yakionekana korido. Bonifasi akachukua simu yake, akaingia kwenye la wageni, akajaribu kila uovu aliokuwa nao kichwani. Akatafuta TV ya sebuleni: haipo. Printa: haipo. Rauta ikakataa kumfungulia. Akawasha video, ikacheza bila kukwama. Akaomba mgeni mmoja wa chumba namba saba, mtu wa kiwanda cha sukari aliyekuja mjini kutibiwa jicho, ajaribu naye kwa simu yake. Mtu yule akasema inaenda vizuri, tena kasi kuliko jana, jambo ambalo halikuwa kweli, ila Bonifasi alilipokea.

Yusuph alikuwa ameshajua. Bi Zuhura alimwita mlangoni, wakaongea, na aliporudi mapokezi uso ulikuwa umemwiva.

"Tulikubaliana, mzee."

"Tulikubaliana. Aliniuliza waya unakwenda wapi."

"Ungesema chochote."

"Ningesema." Bonifasi alikuwa akizungusha waya wake mkononi, duara juu ya duara. "Nilishindwa, Yusuph. Kama ni kunisema, niseme tu."

Yusuph akafungua mdomo, kisha akaangalia pembeni, kwenye picha ya kaka yake iliyotundikwa juu ya funguo. "Mimi nimemjua toka anaolewa," alisema. "Sasa nitamtazamaje?" Halafu akacheka kwa uchungu, kwa kuwa miezi mingine zaidi ya miwili hangemtazama hata hivyo. Akampa Bonifasi mkono.

Kabla hajaondoka Bonifasi aliitwa tena kwenye pazia. Safari hii Anastasia alikuwa amerudi, ameketi kizingitini na beseni la mchicha. Chini ya pazia kulisukumwa sinia lililofunikwa kwa kawa, na ndani yake sahani ya mihogo ya nazi na kikombe cha chai ya mdalasini. Bonifasi akala pale pale, sahani mapajani.

"Yusuph ameniambia na wewe umefiwa," Bi Zuhura alisema.

"Ndiyo, mama. Mke wangu. Mwaka juzi, mwezi wa nane. Figo."

"Ulikaa ndani muda gani?"

Swali lile hakuwahi kuulizwa na mtu. "Sisi wanaume hatukai," alisema. "Tulimzika Jumamosi. Jumatano nilikuwa juu ya ngazi, nafunga antena ya shule."

"Siku ya nne."

"Ya nne, ya tano. Watoto walisema kazi itanisaidia."

"Ilikusaidia?"

Anastasia alikuwa ameacha kuchambua mchicha, majani mawili mkononi. Bonifasi akatafuna, akameza.

"Sikumbuki shule yenyewe ni ipi," alisema. "Ninajua niliifunga ile antena kwa sababu walinipigia simu kuniambia inafanya kazi."

Bi Zuhura hakumpa mawaidha. "Mimi hizi siku zimenichosha," alisema. "Naziona ndefu. Nimekuwa nikinung'unika kimoyomoyo, Mungu anisamehe." Halafu akasema, "Pole sana, baba."

Neno lenyewe lilikuwa dogo, la kila siku, alikuwa ameambiwa na mamia ya watu, lakini lilimkuta mahali pabaya. Akakiweka kikombe chini, akasema ahsante, akatoka upesi. Nje alishika usukani wa pikipiki, akasimama hivyo hivyo, machozi yanamshuka hadi kwenye kola, na wapita njia wakampisha kwa adabu wakidhani ametoka ndani ya msiba. Alipofika nyumbani alimpigia mteja wa mchana, akamwambia haji. Akajilaza juu ya shuka bila kuvua viatu, akalala hadi jua likazama, akaamka, akanywa maji, akalala tena. Kesho yake goti lilikuwa linauma vile vile.

Bi Zuhura alimpigia mara mbili katika miezi ile iliyobaki ya eda. Mara ya kwanza taa ya tundu la pili ilikuwa imezima, akamwambia abadilishe waya, akabadilisha. Mara ya pili alitaka kujua kama inawezekana intaneti ya wageni izimwe saa tano usiku, kwa maana vijana wa chumba namba mbili hawalali na hawalazi wenzao. Bonifasi akamwambia goti halimruhusu kuja, akamweleza kwa simu jinsi ya kuingia, naye akafanya mwenyewe.

Mwezi wa tano, eda imeshakwisha, mvua zikaiharibu antena ya korido. Bonifasi alipofika hapakuwa na Yusuph mapokezi. Palikuwa na mwanamke mnene wa wastani, mwenye baibui jeusi na miwani ya kusomea, akimweleza mgeni kijana kwamba hapana, pasiwedi ya ofisi haitolewi, ya kwake ni ile ya wageni, na inamtosha.

"Lakini mama, ile ya ofisi ina kasi."

"Zote zinatoka kwenye bomba moja. Nenda kajaribu."

Bonifasi aliijua sauti kabla hajamaliza kupanda ngazi za kibaraza. Mwanamke akamwangalia juu ya miwani, akimngoja ajitambulishe, kama anavyongojewa mgeni yeyote.

"Hodi, Mama Mwaisha," alisema.

Akavua miwani. Walitazamana kidogo, watu wazima wawili waliokuwa wakifahamiana kwa sauti tu, na kila mmoja akionekana kumkuta mwenzake mzee kuliko alivyomdhania.

"Karibu, fundi. Umekonda, au ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo nilivyo."

"Antena iko kule mwisho, inavuja maji kabisa. Ngazi tunayo, lakini kwa goti lako usipande wewe, nitamwita mtu." Alikwishageuka kuchukua funguo. "Utaelekeza tu."